Sabufa ni spika au ni redio?

Wadau, leo naomba tuongelee forodha. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo, lakini nivumilieni kidogo, maana habari hii inagusa mfuko wa mtu wa Katesh na Haydom kuliko mijadala mingi tunayokesha nayo hapa mjini.

Ukienda mnadani kule Hanang au Mbulu utaikuta sabufa ndogo ya Kichina imewekwa juu ya turubai, inapiga muziki mpaka vumbi linacheza. Ina spika. Ina redio ya FM. Ina sehemu ya flashi na memori kadi, ina bluetooth, na nyingine zina tochi ubavuni na kipaneli cha sola kwa ajili ya kule ambako nguzo za umeme hazijafika. Mnunuzi anaiita sabufa, basi, yameisha.

Kwa afisa wa forodha pale bandarini Dar hayajaisha. Lazima aipe namba. Tarakimu sita za mwanzo ni za Shirika la Forodha Duniani na zinatumika karibu dunia nzima, halafu sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Spika ziko 8518. Vya kupiga muziki kutoka kwenye flashi, 8519. Redio 8527. Tochi 8513. Namba ndiyo inayosema ushuru ni sifuri, asilimia 10, 25 au 35 (hilo kundi la 35 lilianza Julai 2022). Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe, kwa hiyo namba ikikosewa, kosa linazaa kosa.

Kanuni inasema kifaa chenye kazi nyingi kipangwe kwa kazi yake kuu, na ikishindikana kuijua, inachukuliwa namba ya mwisho kati ya zile zinazostahili. Haya niambieni, kazi kuu ya sabufa ni ipi? Kwa kijana wa Katesh ni muziki wa flashi. Kwa mzee wa Dongobesh ni taarifa ya habari. Wahindi nao wamevutana kuhusu spika janja, zile zinazokujibu ukiziuliza: ni spika, 8518, au kifaa cha mawasiliano, 8517? Ila kule wanaovutana na forodha wana mawakili.

Na sisi tumeshachezewa na namba hizi. Katika bajeti ya 2021/22 serikali ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watumiaji wa intaneti wapande kutoka asilimia 46 hadi 80 ifikapo 2025. Kwa simu janja, sheria ilitaja namba 8517.12.00. Fungua kitabu cha wakati ule: namba hiyo ilikuwa ya simu zote za mkononi, hata kitochi chako kimo humo humo. Simu janja ilipata namba yake yenyewe, 8517.13, katika toleo la 2022. Na mwaka huohuo msamaha ukafutwa! Mtoto kapewa jina siku ya msiba wake.

Mimi sioni kama msamaha ulikuwa wazo baya. Kwenye simu ya shilingi 100,000 kabla ya kodi, asilimia 18 ni shilingi 18,000, si hela ya kuokota. Lakini kati ya bandari na Katesh kuna mwenye duka la jumla Kariakoo, kuna mfanyabiashara wa Arusha au Babati, kuna muuzaji wa mnadani. Nani alimwambia mnunuzi wa mwisho kwamba bei ilitakiwa kushuka, na kwa kiasi gani? Huwezi kudai punguzo usilojua kama lipo.

Rafiki zangu wananiambia hayo ni mambo ya mawakala wa forodha. Sikubali. Wakala analipwa na mwagizaji. Mwagizaji asiyeridhika anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 30, kisha aende Bodi ya Rufani za Kodi. Mama aliyenunua katoni mbili Kariakoo akapanda nazo basi la Babati hana mlango huo, japo kodi yote imo ndani ya bei aliyolipa. Na kitabu chenyewe ni cha Kiingereza tupu.

TRA watoe kwa Kiswahili orodha ya vitu vinavyouzwa sana minadani, namba yake, ushuru wake, VAT yake. Wabandike hata kwenye ofisi za kata. Na mtu asiniambie redio ni starehe. Desemba 3, 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya Katesh, watu walihitaji taarifa, siyo muziki.

Mwenye kitabu cha ushuru cha 2022 afungue sura ya 85, atuambie sabufa yake angeiweka wapi. Mimi naanza: 8527.