Mianzi Mitupu Hailishi Udongo

Mara nyingi siku hizi, baada ya Misa ya Dominika, watu hutushika mkono mlangoni pa kanisa na kutuuliza: Je, ni kweli kwamba mianzi itatuokoa? Wamesikia kwamba mwanzi hukua upesi kuliko mti wowote, kwamba makala yake huwaka vema, na kwamba ukiisha kuupanda hupandi tena, maana huchipuka wenyewe. Tena wako washauri wanaowaambia wakulima wa pande zetu za Lubumbashi: Safisheni shamba lote, ondoeni mitondo na misuku iliyobaki, pandeni mianzi safu kwa safu, mianzi mitupu, msichanganye na kitu chochote.

Sisi twasema kwamba shauri hilo ni baya. Si mwanzi ulio mbaya, la! Ubaya u katika neno lile “mitupu”.

Tuanze kwa kuupa mwanzi haki yake. Ni mmea wa ajabu. Kwa asili si mti, ni jani, ndugu wa mahindi na wa muwa, na kwa hiyo hukua kama majani yanavyokua: chipukizi likitoka ardhini hufikia urefu wake wote katika muda wa miezi michache tu. Mizizi yake hushika ukingo wa mto usibomoke. Hutoa fito, ngazi, vikapu, na makala pia. Katika mji huu wetu, ambamo karibu kila jiko huwaka kwa makala, na miombo yazidi kurudi nyuma mwaka hata mwaka, ni nani atakayeudharau mmea wa namna hiyo?

Lakini kitu kinachokua upesi hula upesi. Mwanzi hudai azoti nyingi (wenzetu wa mashariki huiita naitrojeni), hudai potasi, na zaidi ya hayo hudai silisi, ambayo ni kitu kilekile cha mchanga na cha kioo. Silisi ndiyo inayolifanya jani la mwanzi likwaruze mkono. Basi jani kama hilo likianguka chini halina haraka ya kuoza. Azoti yake ni kidogo, ugumu wake ni mwingi. Tena mizizi ya mwanzi haishuki sana, hutambaa karibu na uso wa nchi, na chakula kilichoko chini hakiufikii. Na kila mwaka twakata fito tukazipakia juu ya baiskeli au lori, zikaenda mjini na chakula chote kilichomo ndani yake. Ni nani anayekirudisha? Mwanzi wenyewe hauwezi. Kazi hiyo yataka mwenzake, yaani mti.

Hapa yatupasa kuutazama udongo wetu wenyewe, maana washauri wengi husema juu ya mianzi kana kwamba udongo ni mmoja popote duniani. Udongo wa Katanga ni mwekundu na wa kale sana. Mvua, ambayo hapa Lubumbashi hufika milimita 1200 hivi kwa mwaka na kunyesha karibu yote kati ya Novemba na Machi, imeuosha tangu zamani zisizohesabika. Ni mchachu, na chuma na alumini iliyomo hushika fosfori kwa nguvu, isiachilie kwa urahisi mizizi ya mimea. Ukichimba shimo utaona: juu kuna tabaka jembamba jeusi, labda kiganja kimoja au viwili, na chini yake ni wekundu tu. Tabaka lile jeusi ndilo ghala letu. Nalo halikutoka mbinguni, limetengenezwa na majani ya miti yaliyooza.

Na ni miti gani iliyolitengeneza? Mutondo, musuku, na jamaa zake wa miombo. Miti hii ina siri ambayo mama zetu waijua kwa chakula, hata kama hawajui jina lake katika vitabu. Mvua zikianza, twaona wanawake kando ya barabara wakiuza uyoga, au bowa kama tusemavyo hapa. Wengi wa uyoga huo ni matunda tu ya kuvu inayoishi imeshikamana na mizizi ya miti hiyo. Kuvu hutandaza nyuzi zake mbali katika udongo, huleta fosfori na azoti mahali ambapo mzizi peke yake usingefika, na mti huilipa kwa sukari. Sasa ukiung'oa mutondo ukaweka mwanzi, urafiki huo umekwisha. Mwanzi una kuvu za namna nyingine, zisizozaa bowa hata mmoja wa kutia chunguni. Hesabu ya washauri wetu yaonyesha fedha za fito. Mbona haionyeshi fedha za bowa zilizopotea, wala za viwavi, ambao hula majani ya miti hiyohiyo?

Wazee wetu walikuwa na akili zaidi katika jambo hili. Walijua kwamba udongo wa kichuguu si sawa na udongo wa uwandani, na hata leo wako wakulima wanaoubomoa na kuutawanya shambani. Wataalamu wa Ghent na wa Lubumbashi waliopima vichuguu vyetu vikubwa wamekuta humo chokaa kuliko udongo wa pembeni, na katika habari waliyoitoa mwaka 2015 walionyesha kwamba kimoja kina umri wa zaidi ya miaka 2000. Miaka 2000 mchwa wamekuwa wakipandisha udongo kutoka chini! (Na sisi twageuza vichuguu kuwa matofali kwa juma moja, lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.) Mti wenye mizizi mirefu hufanya kazi inayofanana na hiyo ya mchwa: huchota chini, hupandisha katika majani, huangusha juu. Mwanzi hauna mkono mrefu hivyo.

Labda mtu atasema: Haya ni maneno ya watu wasiopenda mambo mapya. Basi twende China, ambako mianzi inajulikana kuliko mahali popote. Huko mwanzi mmoja tu, uitwao moso, umefunika zaidi ya hekta milioni 4. Palipo na mianzi mitupu inayolimwa kwa nguvu, wakulima hutia mbolea ya dukani kila mwaka, na mara nyingi udongo umezidi kuwa mchachu na mboji yake imepungua. Wataalamu wa huko wamelinganisha udongo wa mianzi mitupu na ule wa mianzi iliyochanganywa na miti ya majani mapana, na mara nyingi wamekuta azoti na mboji nyingi zaidi penye mchanganyiko. Hatusemi ni hivyo kila mahali. Hutegemea mti uliochanganywa: mti wenye majani kama sindano, ambayo huoza polepole, hausaidii kama mti wa majani laini. Lakini neno “mitupu” halikupata sifa huko. Nako Japani mianzi iliyoachwa bila kutunzwa imeingia katika misitu ya jirani na kuisonga miti.

Wala tusidhani kwamba ni mwanzi tu wenye kosa hili. Katika nchi yetu wenyewe, juu ya uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, mahali paitwapo Mampu, hekta 8000 hivi za akasia kutoka Australia zilipandwa kati ya 1987 na 1993, kisha zikagawiwa familia 300 hivi. Akasia ni wa jamii ya mikunde. Katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyotwaa azoti hewani. Wakulima hupanda mihogo na mahindi kati ya akasia, kisha hukata miti kwa makala, na mchanga ule maskini ulipata mboji. Kazi njema kabisa, nasi twaisifu. Hata hivyo akasia wakirudiwa wao peke yao huzidisha uchachu wa udongo. Ndiyo kusema, hata mti unaolisha, ukikaa peke yake miaka mingi, huacha njaa ya namna nyingine.

Basi tuchanganye. Mianzi ikae kwa mafungu, na kati ya mafungu ikae miti ya kwetu: mubanga, ambao ni wa jamii ya mikunde; mukula, ambao ni wa jamii hiyohiyo na ambao ulikatwa ovyo Haut-Katanga katika miaka ya 2010 ukasafirishwa China, pasipo mtu kupanda badala yake. Penye bonde lenye udongo mzito, musangu wafaa. Ndugu zetu wa Zambia, ng'ambo tu ya Kasumbalesa, hulima mahindi chini ya mti huo, kwa sababu huangusha majani mvua zinapoanza: hutoa mbolea wala hautoi kivuli. Na moto! Mwenye kuchoma shamba kila Agosti asitulaumu kwamba udongo wake haukupona, maana azoti ya majani yale imepanda juu pamoja na moshi, na mvua ya kwanza hupeleka majivu mtoni.

Twajua jibu tutakalopewa, na ni jibu zito. Mkulima husema: Mubanga utakua lini? Mimi nimepewa shamba hili na chifu kwa miaka michache. Nikipanda mti wa wajukuu, mwingine atakuja kuukata. Hapo hatuna la kumlaumu. Sheria ya mwaka 1973 yasema ardhi ni mali ya Serikali, desturi yasema ni ya chifu, na kati ya hao wawili mkulima hana karatasi mkononi. Mtu asiye na uhakika hupanda kile atakachovuna kabla hajafukuzwa. Kwa hiyo maneno yetu makali hayamwendei yeye. Yanawaendea wale wanaomletea miche ya mwanzi bila kumletea karatasi, na wanaohesabu miche kana kwamba idadi peke yake ni msitu. Mwaka 2019 Serikali yetu ilitangaza kwamba miti bilioni moja itapandwa hadi 2023. Bilioni moja ya miti gani? Hilo ndilo swali ambalo kila chifu na kila mwenye mradi yampasa kulijibu kabla ya kushusha mche wa kwanza kutoka garini, na yampasa kumwandikia mkulima kwamba mti alioupanda ni wake, hata kama ardhi si yake.

Na yule ambaye amekwisha kupanda mianzi mitupu, afanye nini? Asiing'oe. Mvua zikikaribia, aondoe fungu moja katika kila matatu, aweke pale mche wa mubanga au wa mukula, na auzungushie majani makavu ya mianzi badala ya kuyachoma. Kisha atembee shambani atafute visiki vya mutondo. Vingi havijafa, vitakuwa vimechipuka machipukizi kumi au zaidi. Achague mawili yaliyonyooka, mengine ayakate kwa panga, na majani yake ayaache palepale chini.