Fani ya Data Ianzie Kisimani

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wa vyuo vikuu huwauliza walimu wao siku hizi, ni machache yanayorudiwa mara nyingi kama hili: mtu afanye nini ili awe mtaalamu wa sayansi ya data? Swali hilo halina ubaya wowote. Mwaka 1962 mtakwimu wa Kimarekani John Tukey aliandika kwamba uchambuzi wa data ni sayansi inayojitegemea, wala usihesabiwe kuwa tawi la hisabati tupu. Ilipofika mwaka 2012 jarida la Harvard Business Review likaitangaza kazi hiyo kuwa yenye mvuto kuliko zote katika karne hii. Miaka hamsini ilitosha kuligeuza wazo la mtaalamu mmoja kuwa tamaa ya ulimwengu mzima. Lenye ubaya ni majibu ambayo vijana hao hupewa. Huambiwa wajifunze lugha ya Python, wakusanye vyeti vya kozi za wiki sita sita, kisha wangoje barua ya ajira kutoka benki au kampuni ya simu.

Kwa rai yangu, njia hiyo inawapoteza. Mtaalamu wa data hana budi kulijua kwanza jambo ambalo data zake zimetoka, na kijana wa Tanzania amezungukwa na mambo ya namna hiyo kuliko anavyodhani.

Chukua mfano wa maji. Wizara yetu ya Maji ilikusanya, hasa kati ya mwaka 2011 na 2013, taarifa za vituo vya maji nchini. Kila bomba, kisima na pampu ya mkono iliandikiwa mahali ilipo, mwaka ilipojengwa, mfadhili aliyeigharimia, idadi ya watu wanaoitumia, namna wanavyolipia, na iwapo inatoa maji. Sehemu ya orodha hiyo, yenye vituo 59,400, iliwekwa hadharani katika shindano la kimataifa lililoandaliwa na DrivenData. Washindani hutakiwa kuifunza kompyuta ikisie ni kituo kipi kinafanya kazi, kipi kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, na kipi kimekwisha kufa. Maelfu ya wanafunzi duniani wamejifunzia fani hii juu ya visima vyetu. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu niliwasikia wenzangu, ambao hawakupata kuikanyaga Afrika, wakibishana juu ya pampu za Iringa na Kigoma kwa bidii ile ile ambayo wazee wetu hubishana juu ya kete za bao.

Sasa tuitazame orodha yenyewe, maana ina mafunzo mengi kuliko kozi nyingi za kulipia. Katika vituo hivyo 59,400, vituo 20,709 vimeandikwa kuwa vilijengwa mwaka 0. Vituo 21,381 vina watumiaji 0. Vituo 1,812, ambavyo kwa maandishi viko katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vimepewa longitudo 0, na latitudo yake nayo ni kama 0. Kwa ramani, basi, visima hivyo vya Wasukuma vinaelea baharini katika Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana. Kompyuta haishtuki kwa hayo. Huipokea sifuri kama inavyoipokea namba nyingine yoyote, ikahesabu kwamba pampu ile ina umri wa miaka zaidi ya elfu mbili, na kuendelea na kazi yake kwa utulivu.

Mwanafunzi wa kozi ya wiki sita amefundishwa dawa ya tatizo hili: pengo hujazwa kwa wastani. Mtaalamu huuliza kwanza kwa nini pengo lipo. Akiyachunguza mapengo hayo ataona kwamba hayakutawanyika ovyo, bali yamerundikana katika baadhi ya mikoa na mengine yana nafuu. Hiyo ni dalili kwamba wakusanyaji hawakufanya kazi kwa namna moja kila mahali. Kujaza wastani wa nchi nzima juu ya pengo la namna hiyo ni kuuficha ushahidi.

Kuna na majina. Katika safu ya majina ya vituo, maneno yanayojirudia sana ni Shuleni, Zahanati, Msikitini na Kanisani. Kwa mshindani wa mbali hayo ni maneno yasiyo na maana, naye huifuta safu nzima ili kuipunguzia kompyuta mzigo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Bomba la msikitini lina watu wanaolihitaji kwa udhu kila siku na kamati ya kulisimamia; bomba la shuleni huweza kukaa likizo nzima bila mtu wa kulitazama. Sidai kwamba hilo hueleza kila kitu. Nadai kwamba ni dhana inayostahili kupimwa, na kwamba asiyejua lugha hawezi hata kuifikiria. Hapa kijana wetu ana mtaji ambao hakuulipia ada.

Safu nyingine hutaja wingi wa maji katika chanzo, na vituo 6,246 vimeandikwa kuwa vimekauka. Karibu vyote, kama mtu angetarajia, havifanyi kazi. Modeli ya kompyuta huligundua jambo hilo mara moja na kujipatia alama nyingi kwalo. Nimesoma ripoti za wanafunzi zikisifu modeli zao kwa kukisia sawasawa zaidi kidogo ya asilimia 80, bila kutaja kwamba sehemu ya sifa hiyo ni kujua ya kuwa kisima kilichokauka hakitoi maji. Mama yeyote mwenye ndoo kichwani angelisema hilo bure.

Aidha, hesabu hiyo ya jumla huficha lililo muhimu. Katika orodha hii vituo 32,259 vinafanya kazi, 22,824 havifanyi, na 4,317 tu, yaani kama asilimia 7, vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo. Mtu asiyejua lolote, akisema kwamba vyote vinafanya kazi, amekwisha pata asilimia 54. Lakini fundi wa maji mwenye pikipiki moja na mafuta ya kubahatisha anavitafuta vile 4,317, kwa kuwa ndivyo anavyoweza kuviokoa kabla havijafa kwa gharama ya vipuri vichache. Na hivyo ndivyo ambavyo modeli nyingi huvikisia vibaya kuliko vyote, kwa sababu ni vichache na vimefanana na vile vilivyo vizima. Washindani hushindana kwa alama ya jumla, fundi hushindana na kutu.

Jambo la mwisho katika orodha hii ndilo zito kuliko yote. Mahali ambapo wananchi hawalipii maji kabisa, chini ya nusu ya vituo vilikutwa vikifanya kazi. Mahali ambapo hulipa kwa mwaka, kama robo tatu vilikutwa vizima. Mtu mwenye haraka atasema: watu na walipishwe, pampu zitaishi. Huenda ni kweli, maana fedha ya michango ndiyo inunuayo vipuri. Lakini huenda pia mambo yamekwenda kinyume: watu hulipa kwa sababu bomba linatoa maji, na siku likifa hakuna anayechangia bomba lililokufa, naye karani akija ataandika kwamba hapa hawalipi. Huenda tena vijiji vilipavyo ni vile vyenye mavuno mazuri na barabara inayopitika, na fundi hufika upesi kwa sababu hiyo. Modeli haiwezi kuzitenganisha habari hizi tatu, hata ikiongezewa nguvu namna gani, maana orodha yenyewe ilichukuliwa mara moja tu kwa kila kituo. Atakayezitenganisha ni yule atakayerudi kijijini na kuuliza ni lipi lilianza. Tofauti hii si ya darasani tu. Akikosea mchambuzi, kijiji maskini kitatozwa fedha kwa ajili ya pampu ambayo tatizo lake ni chanzo kilichokauka.

Ndipo nikaamini kwamba kijana aanzie kisimani, kwa maana halisi ya neno hilo. Kabla ya kushika orodha yoyote, aende akaone jinsi mstari mmoja wake unavyoandikwa: nani aliuliza, nani alijibu, kifaa cha kupimia mahali kilikuwa na betri au la. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliofanya kazi ya Ramani Huria kuanzia mwaka 2015, wakipita kwa miguu katika kata zenye mafuriko jijini ili kuchora mitaro, nyumba na vichochoro, walijifunza jambo ambalo halimo katika vitabu: data huwa na tope.

Pamoja na hayo nisieleweke kuwa naidharau nadharia. La hasha. Msingi wa fani hii ni nadharia ya uwezekano, uchaguzi wa sampuli, kalkulasi na hesabu za matriki, na mwanafunzi anayeyakimbia masomo hayo atakuwa mtumishi wa programu asizozielewa. Nchi yetu si changa katika elimu hiyo. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilianzishwa tangu mwaka 1965, na kimewafunza watakwimu wa nchi nyingi jirani. Uandishi wa programu nao unahitajika, hususan lugha ya SQL, ambayo vijana huidharau kwa kuwa haina fahari, ilhali data nyingi za ofisi hupatikana kwa lugha hiyo. Lakini tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, sehemu kubwa ya uandishi wa kawaida wa programu imekuwa kazi ya mashine. Anayejenga maisha yake juu ya kukumbuka amri za Python peke yake anauza bidhaa ambayo bei yake inashuka kila mwaka.

Kuhusu ajira, ni kweli kwamba benki na kampuni za simu hulipa vizuri kuliko ofisi za umma, wala sitamlaumu kijana mwenye wazazi wanaomtegemea akienda huko. Lakini na aende akijua aina ya kazi anayoikuta. Nchini Kenya, tangu M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, mkopo mdogo huamuliwa na kompyuta kwa kutazama mwenendo wa mteja katika simu yake, na huduma za aina hiyo zimeenea Afrika Mashariki yote. Muuza nyanya anayekataliwa mkopo na mashine hana dirisha la kwenda kuuliza sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inapasa kuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa data. Hivi sasa wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha ajiriwa.

Upande wa serikali na vyuo, yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa mwaka 2019, una ofisi katika wilaya. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao kila mwaka hutafuta mada ya mradi, na wengi huishia kuchambua data za abiria wa meli ya Titanic, iliyozama mwaka 1912 mbali kabisa na pwani yetu. Sioni sababu ya wanafunzi hao kutopangiwa wilaya, mmoja mmoja au wawili wawili, wakae huko wiki nane wakiisahihisha orodha ya vituo vya maji pamoja na fundi anayevijua. Atakayefanya hivyo na akaandika ripoti safi atakuwa na kitu cha kumwonesha mwajiri yeyote, awe wa Dodoma au wa London.

Kazi yenyewe si kubwa kama inavyotisha. Ile orodha ya vituo 59,400 imegawanyika katika wilaya na halmashauri 125, yaani vituo mia nne na sabini na vitano kwa wastani kwa kila moja. Hiyo ni mistari ambayo kompyuta ya mkononi iliyotumika miaka minane huimaliza kwa sekunde, na ambayo kijana mmoja na fundi mmoja, wakiwa na pikipiki, wanaweza kuizungukia sehemu kubwa kabla muhula mpya haujafunguliwa.