Mapenzi ya Kamera na Mapatano ya Kazi

Tangu George Adamson, aliyekuwa mlinzi mkuu wa wanyamapori hapa Isiolo, alipomlea simba Elsa pamoja na mkewe Joy, na picha za simba huyo zikaenea duniani kwa kitabu kilichotoka mwaka 1960, nchi yetu hii haijapata kukosa wapiga picha. Lakini waliofaidi picha za choroa na swala twiga wa hifadhi za Buffalo Springs na Shaba aghalabu ni watu wa kuja na kuondoka, ilhali kijana wa mtaa wa Bulla Pesa mwenye jicho pevu huambiwa na jamaa zake kwamba anachezea wakati.

Madhali kurasa za toleo hili tumewawekea vijana hao, yatupasa kunena bila kificho kwamba mapenzi peke yake hayajapata kumlipia mtu kodi ya chumba. Mpiga picha Mohamed Amin alikuwa kijana asiyezidi miaka 20 alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, huko Dar es Salaam mwaka 1963, na walimwengu walipoziona picha zake za njaa ya Korem, nchini Ethiopia, mwaka 1984, alikwisha kuitumikia biashara hiyo kwa zaidi ya miongo miwili.

Wala kazi ya kuanzia haipo mbali. Harusi za mji huu zafundisha mengi: bwana harusi mweusi wa sura, aliyevaa kanzu nyeupe, akisimamishwa juani saa saba mchana, kamera hudanganywa na weupe wa nguo ikaufanya uso kuwa kiza kitupu; lakini fundi humvuta kivulini chini ya mgunga, akapimia mwanga usoni wala si kwenye kanzu, na hapo ndipo mama wa kijana anapomtambua mwanawe na kulipa kwa ridhaa.

Lakini ustadi usio na hati ni mali isiyo na mlinzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yazilinda picha kwa miaka 50, nayo yamtambua aliyezipiga kuwa mwenyewe; ila kazi ikiwa imeagizwa na mtu kwa ujira, huhesabiwa kwamba haki imemhamia mwagizaji, isipokuwa wawili hao wawe wamepatana vingine. Hivyo kijana aliyeitwa na hoteli ya mbugani, akapokea ujira wa siku moja asiandikiane na mtu, huenda akaziona picha zake zikivuta wageni mwaka baada ya mwaka, naye hana la kudai.

Rai yetu, basi, ni kwamba kabla kamera haijatolewa mkobani, pande zote mbili zitie saini karatasi moja inayotaja malipo, matumizi ya picha, muda wake, na nani abaki na miliki. Mwenye hoteli au ofisi anayekataa kuandikiana, huku akimwahidi kijana kwamba jina lake litajulikana, akataliwe kwa adabu. Umaarufu haununui unga, na mwenye kuihitaji picha kweli atarejea na kalamu.