TAHARIRI: Ajali ya lori na hasara ya mwenye mzigo

Lori linapopinduka kati ya bandari na mpaka, polisi huuliza nani mkosaji. Mwenye magunia yaliyomo ndani huuliza jingine: hasara hii ni ya nani? Maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe ni hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote anaiweza.

Januari 1944, katika bandari ya New York nchini Marekani, tishali lililopakia unga lilifunguka kamba, likasukumwa na maji, likagonga meli na kuzama. Mlinzi wake alikuwa ameondoka tangu jana yake. Mwaka 1947 Jaji Learned Hand alipima mambo matatu: uwezekano wa ajali, ukubwa wa hasara na gharama ya kuizuia. Mwenye tishali akabebeshwa sehemu ya hasara.

Chukua shehena ya shilingi milioni 20, na katika kila safari 100 moja huharibiwa yote na mvua. Hasara hiyo ikigawanywa, kila safari inabeba shilingi 200,000. Turubai zima likipatikana kwa shilingi 50,000, kusafiri bila turubai ni uzembe. Gari la kusindikiza likigharimu shilingi milioni moja kwa ajili ya mvua hiyo hiyo, kulikosa si uzembe. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 1970 mwanasheria Guido Calabresi aliongeza kwamba hasara imwangukie anayeweza kuizuia kwa gharama ndogo zaidi. Breki na usingizi wa dereva viko mikononi mwa mwenye lori. Ufungaji mzuri na kutaja uzito wa kweli ni juu ya mwenye mzigo, na anayeficha uzito asimlaumu dereva.

Katika ukanda huu mara nyingi mambo huenda kinyume. Kadi ya Njano ya COMESA huvuka mpaka pamoja na lori, lakini hufidia watu wengine waliodhurika na lori hilo, si mzigo uliomo ndani. Mfanyabiashara mdogo aliyepatana kwa mdomo hurudi nyumbani mikono mitupu, huku aliyeokoa bei ya breki mpya akipakia safari nyingine. Asiyelipa hasara hana sababu ya kujirekebisha.

Serikali za nchi jirani zinapaswa kuwataka wasafirishaji wanaovuka mipaka wawe na bima ya mzigo. Nauli itapanda kidogo, lakini ni nafuu kuliko kupoteza mtaji wote kwa siku moja. Wakati hilo likisubiriwa, vyama vya wafanyabiashara visiruhusu gunia lipakiwe kabla ya karatasi kusainiwa, ikitaja thamani ya mzigo na nani atalipa ukiharibika. Karatasi hiyo ndiyo tahadhari ya bei rahisi kuliko zote.