Maji Tohara, Tope Lenye Sumu

Ndugu Waislamu, wanavyuoni wetu wa fiqhi wametufundisha kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Zisipobadilika, maji ni tohara na udhu unasihi. Familia nyingi, kwa nia njema kabisa, zimekifanya kipimo hiki kuwa hukumu ya kila jambo: maji yakiwa maangavu hunywewa, na samaki wake huliwa. Hapo ndipo tunapokosea. Tohara ni mlango mmoja na madhara ni mlango mwingine, na sheria haijapata kuichanganya.

Tutazame Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko bati limechimbwa tangu zama za ukoloni, mawe yakipondwa na kuoshwa kwa maji, na vijito vyake huelekea Mto Kagera, ambao huishia Ziwa Victoria. Bati lenyewe si la kuogofya sana, maana jiwe lake haliyeyuki kwa urahisi. Linalotushughulisha ni wenzake: katika machimbo mengi ya bati duniani, jiwe hilo huandamana na mawe yenye aseniki, sumu isiyo na rangi, ladha wala harufu ikiwa majini.

Metali nzito hujishikiza kwenye chembe za tope na kutulia chini ya mto, maji ya juu yakabaki yanang’aa. Mtaalamu anaweza kututajia kiasi chote kilichomo topeni, lakini swali la mzazi ni jingine: ni kiasi gani kinaweza kubanduka kikaingia mwilini? Iliyofungika ndani ya jiwe hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Iliyoshika juu juu hubanduka maji yakiwa na asidi, au hewa ikiadimika topeni, ikaingia kwa minyoo, kwa samaki, kisha kwa mtoto. Asidi si hadithi ya mbali: Mei 2009 maji ya namna hiyo yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, huko Tarime.

Mtume (s.a.w.) alitukataza kujisaidia penye vyanzo vya maji, sumu ina haki zaidi ya katazo hilo. Tunaziomba halmashauri za Karagwe na Kyerwa zipime tope la vijito vilivyo chini ya machimbo, si maji peke yake, na zipime ile sehemu inayobanduka, kiangazi na masika. Hatumtuhumu mchimbaji mdogo. Naye hunywa humo humo. Majibu yabandikwe misikitini na makanisani.

Kwa sasa, maji yatekwe juu ya machimbo, na watoto wasichezee tope la mahali pa kuoshea mawe. Wala tusitegemee kuchemsha: moto huua vijidudu, lakini metali hubaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi ukali.