Babu Alivalishwa Kipande, Mjukuu Hana

KUTOKA MAJANINI, na Cherono Mutai

Februari 2023 BBC ilionyesha filamu iliyotikisa Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walisimulia jinsi wasimamizi wa mashamba ya majani chai, yaliyokuwa kwa miaka mingi ya Unilever na James Finlay, walivyowanyanyasa kingono. Bunge likaamuru uchunguzi. Nilishukuru mtu alikuja na kamera.

Nangojea filamu ya pili. Hii ipigwe kwenye dirisha la usajili hospitalini.

Majuzi nilipanga foleni mbele ya dirisha kama hilo. Aliyenitangulia alikuwa mama mwenye vidole vilivyokolea weusi wa utomvu wa majani, mgongoni kabeba mtoto aliyekuwa akihema kwa shida, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi.

"Mama, namba ya kitambulisho."

"Sina, mwanangu."

"Ya baba yake?"

"Naye hana. Nitalipa, niandikie tu jina."

Karani hakuwa mkali. Alisema kompyuta haimruhusu kuendelea, akaita anayefuata. Anayefuata nilikuwa mimi. Nesi aliyesikia maneno yale ndiye aliyemshika mama mkono akampeleka ndani. Mtoto alitibiwa kwa huruma ya mtu mmoja, na kama nesi yule angekuwa likizo siku hiyo, sijui ingekuwaje.

Baadaye mama aliniambia babu yake alitoka Rwanda. Yeye mwenyewe kazaliwa huku, kachuma majani huku, na Kikipsigis chake ni safi kuliko cha watoto wangu. Si peke yake. Familia zenye asili ya Rwanda na Burundi zimeishi katika nchi hii tangu mkoloni alipohitaji mikono ya kumchumia chai. Enzi hizo mwanamume Mwafrika hakupata kazi bila kipande, karatasi iliyofungiwa kwenye kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wazee wetu hadi leo huita kitambulisho kipande. Alipotakiwa kufanya kazi, Mwafrika aliandikwa upesi, na alama zake za vidole zikachukuliwa. Mjukuu anapotaka dawa ya kifua, hakuna wa kumwandika.

Serikali haijalala kabisa. Wamakonde, nao waliokuwa hawana uraia, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016, walisikilizwa wakapewa uraia. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wa asili ya Rwanda watatambuliwa. Hayo nayapongeza kwa moyo wote. Lakini kuna waliobaki nje, na nimonia haingoji gazeti rasmi la serikali.

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Tumeahidiwa kwamba matibabu ya zahanati na vituo vya afya ni bure kwa aliyejisajili. Kujisajili kunaanza na namba ya kitambulisho. Mtoto huandikwa chini ya mzazi, kwa hiyo mzazi asipokuwa na namba, mtoto naye hana pa kushika. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mama yule yuko tayari kuulipa.

Najua wapo watakaosema tutafungulia wageni mlango. Hao nawaomba wafungue Katiba, Kifungu cha 43. Imeandikwa kila mtu ana haki ya afya. Haikuandikwa kila raia. Tena imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Na kifua kikuu kikiingia kwenye nyumba za wachumaji, ambako familia zimepakana ukuta kwa ukuta, hakitachagua mwenye kitambulisho na asiye nacho.

Waheshimiwa magavana wa Kericho na Bomet, hospitali na zahanati za kaunti zimo mikononi mwenu tangu 2013, na hamhitaji idhini ya Nairobi kumwagiza karani wenu. Mwambieni mgonjwa asiye na kitambulisho aandikwe jina lake na mahali anapolala, aingizwe ndani, atibiwe. Karatasi zitafuata.