Google haimjui babu yangu

Nilipotea kidogo, si mnajua tena likizo, nilikuwa nyumbani Ngulyati, kule Bariadi. Nimerudi chuo na aibu moja, bora niitoe hapa.

Muhula uliopita tulipangiwa kila mtu aandae somo la jiografia alifundishe mbele ya wenzake. Mimi nikachagua ngitili. Si mwenyeji bwana! Nikaandika Google "ngitili Simiyu", vikaja vitu vichache, nikakopi vya juu. Dakika kumi nimemaliza: ngitili ni malisho yaliyoanzishwa na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986. Nikafundisha, nikapigiwa makofi.

Likizo nikamsimulia babu. Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mjukuu wangu, ng'ombe wa baba yangu walikula wapi kiangazi?" Ndiyo akanieleza: mvua zikianza mnafunga sehemu, hakuna kuchunga, nyasi zinakua na miti inachipua. Kiangazi kikibana mnafungua. Wasukuma walikuwa nazo kabla ya mradi wowote. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, nyingi zikaachwa. HASHI ilizifufua, haikuzianzisha.

Nimerudi nimekaa maktaba siku tatu. Kumbe hata walioandika kuhusu HASHI wanasema hivyohivyo! Na kumbe mkoa wa Simiyu umeanzishwa mwaka 2012, kabla ya hapo Bariadi ilikuwa Shinyanga, kwa hiyo mambo ya zamani yapo kwa jina hilo. Google haikunidanganya, ilijibu nilichouliza. Tatizo niliuliza kitu nisichokielewa, halafu sikusoma mpaka mwisho.

Sisemi tuache intaneti, hata mimi siwezi. Ila jamani, sisi tunasomea ualimu. Mwanafunzi akikosea anakosa maksi zake tu. Mwalimu akikosea, darasa zima linaondoka na kosa lake. Watoto wa Ngulyati wangeamini kwamba babu zao walisubiri mradi ndiyo wakajua kutunza nyasi. Hiyo ndiyo inaniuma.

Siku hizi kabla sijaandika kitu najiuliza: babu akinibana kwa swali, nitajibu? Kama siwezi, narudi maktaba.

Mnasemaje wadau? Au ni mimi tu? Naomba kuwakilisha.